Presha Isiyosikia Dawa: Maswali na Majibu Kuhusu Kuchoma Neva za Figo

Presha sugu ni ipi hasa?

Ni ile inayobaki 140/90 au zaidi ingawa mgonjwa anameza dawa za aina tatu, kila moja kwa dozi ya juu kabisa anayoivumilia, mojawapo ikiwa ya kukojoza. Hapo neno zito ni "anameza". Watu wengi walioambiwa presha yao imegoma, kwa kweli haijagoma. Vidonge viliisha wiki mbili zilizopita na hela ya kununua vingine haijapatikana. Au mkanda wa mashine ulikuwa mdogo kwa mkono mnene, ukatoa namba kubwa kuliko ilivyo. Wengine humeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo, bila kujua kwamba dawa hiyo huzuia chumvi na maji kutoka mwilini na kupandisha presha.

Neva za figo zinaingiaje hapo?

Neva hizi hutambaa kwenye ukuta wa nje wa ateri zinazopeleka damu kwenye figo. Zikichangamka kupita kiasi, figo hubakiza chumvi na maji, humwaga renini (kemikali inayochochea presha kupanda), na mishipa ya damu hubana. Tangu miaka ya 1930 wapasuaji walikuwa wakikata neva za aina hii kwa operesheni kubwa. Presha ilishuka kweli, lakini wagonjwa walizirai wakisimama, na dawa zilipopatikana operesheni hiyo ikaachwa.

Siku hizi inafanywaje?

Hakuna kupasuliwa. Daktari hutoboa ateri ya kinena na kupitisha katheta, mrija mwembamba unaopinda, huku akiufuatilia kwa eksirei hadi ufike kwenye ateri ya figo. Katheta ya mawimbi ya redio hujikunja kama springi ndani ya ateri, na kila mchomo huchukua kama dakika moja. Ile ya mawimbi ya sauti ina puto lenye maji yanayozunguka: maji hupoza ukuta wa ndani, mawimbi yanachoma neva zilizo nje yake, sekunde 7 tu kila mara. Kuchoma huku kunauma, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za maumivu na za kumtuliza. Figo zote mbili hufanyiwa siku hiyohiyo.

Presha inashuka kiasi gani?

Kidogo kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Ripoti za kwanza, mwaka 2009, zilileta matumaini makubwa. Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa Symplicity HTN-3, wagonjwa 535 nchini Marekani, ambamo baadhi yao walipigwa picha ya mishipa tu bila kuchomwa neva, wala hawakujua. Makundi yote mawili yalishuka karibu sawa. Vifaa na mbinu vikaboreshwa, na tafiti zilizofuata nyingi zikaonyesha namba ya juu ikishuka takriban 5 hadi 6 zaidi ya waliofanyiwa igizo, yaani waliopigwa picha tu bila kuchomwa. Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha vifaa viwili. Mimi siidharau 5: kwa dawa, kushusha kiasi hicho hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa karibu asilimia 10. Ila kwa kuchoma neva, faida hiyo ya mwisho bado haijathibitishwa.

Nitaacha vidonge?

Wagonjwa wengi huendelea navyo. Anayeahidi kwamba utavitupa anakudanganya.

Ina hatari gani?

Damu kuvujia kinenani, dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye eksirei kuumiza figo, na mara chache ateri ya figo kusinyaa. Wajawazito na wenye figo zilizochoka sana hawafanyiwi.

Nimwulize nini daktari kabla ya kufikiria hatua hii?

Mwombe apime aldosteroni, homoni inayofanya mwili ubakize chumvi, maana ikizidi hupandisha presha na ina tiba yake. Mweleze kama mwenzako anasikia ukikoroma kisha pumzi inakatika usiku, maana hilo nalo hupandisha presha. Na muulize kuhusu spironolaktoni kama dawa ya nne. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, PATHWAY-2, uliona inashusha presha sugu zaidi kuliko dawa nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Ni kidonge cha zamani, cha bei nafuu. Akikuandikia, rudi kupima potasiamu na figo ndani ya wiki chache hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu potasiamu inaweza kupanda kimyakimya hadi kuvuruga mapigo ya moyo.