Najua kulia hakuna mtu, nimemtoa mimi

"Mwalimu, kule kulia hakuna mtu!" Katika mechi za softiboli za timu ninayoifundisha, sauti hiyo hutoka kwa mzazi, kwa shabiki, na siku nyingine kwa kocha wa timu pinzani anayedhani ananisaidia. Wanataka kujua kwa nini nimewaondoa walinzi sehemu moja ya uwanja. Nimelijibu swali hili pembeni ya uwanja mara nyingi mno, mchezo ukiendelea na macho yangu yakihitajika kwingine. Naandika jibu lote hapa ili nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu.

Swali lenyewe halinikeri. Kinachonikeri ni imani iliyo chini yake: kwamba softiboli, ndugu ya besiboli, ina viti tisa kwa timu inayolinda, kila mchezaji ana chake, na kocha anayehamisha kiti ama anabahatisha ama anavunja kanuni.

Kanuni tumalizane nayo upesi. Pitcha, anayemrushia mpigaji mpira, ana mahali pake, na kecha, anayeudaka nyuma ya mpigaji, ana mahali pake. Wale saba waliobaki wanasimama popote ndani ya mistari ya fauli, yaani mipaka ya eneo la kuchezea, mradi wasijiweke mbele ya macho ya mpigaji kwa nia ya kumvuruga. Mnaonitajia katazo la Marekani, ni kweli lipo: tangu msimu wa 2023 ligi kuu ya besiboli ya kule, MLB, inataka walinzi wawili wa ndani wawe kila upande wa besi ya pili, tena wasitoke nje ya eneo la ndani. (Besi ni vituo vinne anavyovikanyaga mkimbiaji kwa mfuatano; cha mwisho ni hom, na akifika hapo timu yake inapata alama.) Hiyo ni ligi moja, ya mchezo mwingine. Soma kanuni za mashindano unayocheza wewe, maana baadhi ya ligi za mchanganyiko wa wanaume na wanawake zina masharti yake. Zikinyamaza, uko huru.

Sasa tazama uwanja. Katika softiboli ya kurusha kwa kasi, besi hadi besi ni mita 18.29, wakati besiboli ni mita 27.43. Pitcha wa wanawake anarushia kutoka mita 13.11. Halafu anakuja yule mpigaji wa mkono wa kushoto tunayemwita slapa, anayeanza kukimbia kabla hajaugusa mpira, akauchapa chini kuelekea kwa shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Slapa mzuri anafika besi ya kwanza chini ya sekunde 3. Shotistopu akisimama pale vitabu vinapomchora, audake mpira vizuri na autupe vizuri, dada huyo atakuwa ameshakanyaga besi kabla mpira haujafika, na hatolewi. Hakuna aliyecheza vibaya. Umbali tu ndio uliotushinda.

Kwa hiyo akija slapa, shotistopu wangu anapanda hatua kadhaa. Wa besi ya tatu anakuja karibu kwa ajili ya banti, mpira unaoguswa taratibu ili ufie karibu na mpigaji. Wa besi ya pili anasogea kuelekea ya kwanza ili awe wa kupokea. Lefti fildi, mlinzi wa nje wa kushoto, anashuka mpaka karibu na mgongo wa shotistopu. Nyuma yao kunabaki nyasi tupu, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Lakini slapa akitaka kufika kwenye nyasi zile inambidi atulize miguu, azungushe gongo lote na apige kwa nguvu, yaani aache kile anachokijua. Akikubali kufanya hivyo, nimeshapata nilichokitaka.

Saba hawawezi kuziba uwanja mzima. Wapange unavyopenda, pengo litakuwepo. Hata ule mpangilio mnaouita wa kawaida una mapengo yake, kati ya besi ya tatu na shotistopu, kati ya besi ya kwanza na ya pili, mbele ya kila mlinzi wa nje. Mpira ukipita hapo hakuna anayenipigia kelele, kwa sababu pengo hilo limezoeleka. Ukipita pale nilipoacha wazi kwa makusudi, mimi ni kocha wa kubahatisha. Mipira ni ileile na alama zinazoingia ni zilezile. Mimi nachagua pengo liwe wapi kwa mpigaji huyu, leo, na pitcha niliye naye.

Hilo la pitcha ndilo watu hawalioni kabisa, na hapo nitakaa kidogo.

Kusogeza watu bila kupatana na pitcha ni kazi bure. Tuseme anakuja mpigaji wa mkono wa kulia anayeuvuta kila mpira upande wa kushoto. Namsogeza wa besi ya pili mpaka nyuma ya besi yake, shotistopu anasogea zaidi kwenye pengo la kuelekea besi ya tatu, na raiti fildi, mlinzi wa nje wa kulia, namleta katikati. Mpangilio huo una maana tu ikiwa mpira utarushwa ndani, karibu na mikono ya mpigaji, mahali ambapo gongo likiukuta linaupeleka kushoto. Ukirushwa nje, mpigaji anaunyooshea mikono, na mpira unakwenda wenyewe kulia, polepole, kwenye uwazi. Katika mechi moja hivi karibuni kecha wangu aliweka glavu ndani kabisa, karibu igusane na goti la mpigaji. Mpira ukateleza vidoleni mwa pitcha ukaenda nje. Mpigaji akaugusa kwa ncha ya gongo, ukadunda mara tatu nne, ukavuka pale ambapo wa besi ya pili "angekuwepo". Wakaingia wakimbiaji wawili, alama mbili. Uwanja mzima ukaangalia pengo. Hakuna hata mmoja aliyeangalia ile glavu ilikuwa wapi na mpira ulifikia wapi.

Na hapa nina shaka ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha ukocha nilichosoma. Vitabu vinachora mishale kana kwamba pitcha hapotezi mahali. Pitcha wa ridhaa, anayefanya mazoezi baada ya kazi au masomo, hupoteza mahali tena na tena. Kama mirusho yake haiendi ninapoomba, je, mpangilio wangu unazidi ule wa kawaida? Kwa baadhi ya mapitcha wangu sina hakika. Kwa hiyo yupo ambaye akiwa anarusha yeye sisogezi mtu zaidi ya hatua mbili. Isitoshe, wapigaji wenyewe tunawaona mara chache kwa msimu. Kidaftari changu kinaandika mpira wa kila mpigaji ulikwenda wapi, lakini mipira mitano si ushahidi mzito, na mara nyingi mitano ndiyo yote niliyo nayo.

Historia nayo hutumiwa vibaya na pande zote mbili. Tarehe 14 Julai 1946, Lou Boudreau, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Cleveland katika besiboli ya Marekani, alichoka na Ted Williams wa Boston, ambaye mechi ya kwanza ya siku hiyo alikuwa amepiga homurani tatu, yaani mipigo ya kuzunguka besi zote. Katika mechi ya pili Boudreau akawahamishia walinzi upande wa kulia, kushoto akabaki mmoja tu. Wanaopenda mbinu hii watakukumbusha kuwa fainali za mwaka huo St. Louis walitumia mpangilio wa aina hiyo na Williams akapata mipigo mitano tu kati ya 25. Hawataji kwamba kabla ya fainali hizo alipigwa na mpira kwenye kiwiko. Wanaoichukia watakutajia 13 Septemba 1946, Williams alipoupiga mpira kushoto kulikokuwa wazi, akazunguka besi zote, Boston wakashinda 1-0 na kutwaa ubingwa wa ligi yao. Chukua moja ya siku hizo peke yake, unathibitisha chochote utakacho.

Jambo linalonitatiza zaidi ni uwanja wetu wenyewe. Kwenye uwanja wenye uzio, mpira uliompita mlinzi wa nje unagonga uzio na kusimama. Sisi tunacheza kwenye uwanja wa shule usio na uzio, na mpira ukipita unaviringika hadi kwenye miti. Kumleta raiti fildi karibu kunanipa kitu kizuri: anaweza kudaka mpira uliodunda na kumtoa mpigaji besi ya kwanza, jambo la kawaida katika softiboli kwa sababu ya umbali mfupi. Ila ukimpita juu, ni besi zote nne. Ninaruhusu kwa wapigaji ambao sijawahi kuona mpira wao ukifika mbali. Kwa wageni, hapana.

Iningi ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, ni habari nyingine. Tuko sare, wapinzani wanapiga, mtu yuko besi ya tatu, hakuna auti, yaani hatujamtoa yeyote. Mpira mrefu wa juu, hata ukidakwa, unampa yule wa besi ya tatu nafasi ya kukimbia hom na mechi imekwisha. Basi mlinzi wa kusimama mbali ananisaidia nini? Namwingiza mmoja wa nje awe wa tano ndani, hata wawili. Ni hesabu nyepesi, na bado ndiyo inayoleta kelele kubwa kuliko zote. Mara nyingine mpigaji anayeona watu watano mbele yake anapaniki na kupiga mpira juu. Kama ni mpangilio ulioziba au ni woga tu, siwezi kutenganisha.

Mpaka wangu ni mmoja, usalama wa wachezaji, nao hauna mjadala. Katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, 27 Julai 2021, mpira wa Amanda Chidester wa Marekani ulimgonga mkononi Yu Yamamoto kwenye besi ya tatu, ukaruka, Mana Atsumi akaudaka kabla haujagusa chini na kupata auti ya pili besi ya pili. Japani wakashinda 2-0. Watu wanakumbuka ule udakaji. Mimi naukumbuka mkono wa Yamamoto, mchezaji wa kiwango cha dunia ambaye mpira ulimpiga kabla hajaudaka. Mabinti zangu nikiwasogeza mbele wanakuwa karibu kuliko hapo, na mpira wetu ni mgumu vilevile. Kwa hiyo wa besi ya kwanza na wa tatu wanavaa kinga ya uso. Tuna mbili. Siku moja ikikosekana, aliyeikosa anarudi nyuma, hata kama slapa bora wa mashindano ndiye anayepiga.