Maji Yalifika Wapi? Utafiti na Mafuriko ya Bonde la Msimbazi

Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, Dar es Salaam ilinyeshewa mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilisema jiji halijaiona tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki, na maelfu ya waliokuwa wakiishi kando ya Mto Msimbazi wakabaki bila makazi. Tangu hapo bonde hilo limefurika mara nyingi kiasi kwamba Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani hakuna anayeshangaa, na kituo cha mabasi yaendayo haraka, kilichojengwa humohumo bondeni, kimeingiliwa na maji zaidi ya mara moja.

Bonde hili limepimwa, limepigwa picha kutoka angani, na wakazi wake wamehojiwa pengine kuliko wa sehemu nyingine yoyote ya jiji. Ndiyo maana ni mahali pazuri pa kujibia swali ambalo wananchi hutuuliza sisi wa vyuoni, mara nyingi kwa hasira: utafiti wenu unatusaidia nini, maji yakishaingia ndani?

Tuanze na mvua yenyewe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Paa la bati la mita za mraba 60, likinyeshewa milimita 100, linamwaga lita 6,000, yaani matanki sita ya lita elfu moja, na hiyo ni nyumba moja tu. Hesabu mapaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, kisha ongeza lami na zege. Palipokuwa na udongo, sehemu ya maji ilizama chini taratibu. Siku hizi karibu yote yanakimbilia mferejini kwa wakati mmoja, na mfereji wenyewe umejaa chupa za plastiki na mchanga.

Mchanga ndio sehemu ambayo utafiti umebadilisha kabisa namna ya kulitazama tatizo. Kila mwaka tunaona makatapila yakichimba chini ya daraja la Jangwani, na msimu ukipita mto unajaa tena. Mkazi wa Kigogo anaweza kudhani kazi imefanywa kwa ulegevu. Lakini ukifuata mto kwenda juu, hadi kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe unakoanzia, unakuta ardhi iliyofyekwa, viwanja vipya vilivyosawazishwa bila mifereji, kingo zinazomomonyoka na watu wanaochimba mchanga wa kujengea. Udongo huo wote husafiri na maji. Mto ukifika Jangwani, ambako bonde ni tambarare, maji hupunguza mwendo na kuutua mzigo wake. Chini zaidi, karibu na Daraja la Selander, bahari nayo ina neno lake: maji yakijaa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, mto hukosa pa kumwagia haraka na hurudi nyuma. Kwa hiyo kuchimba Jangwani peke yake ni gharama ya kila mwaka isiyo na mwisho. Mpango wa bonde zima ulioandaliwa mwaka 2018, kwa vikao vilivyowakutanisha wahandisi, maofisa wa serikali na wakazi, uliutazama mto kuanzia vilimani hadi baharini. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa muhimu kuliko mchoro wowote uliotokana na vikao hivyo.

Kilichofuata ni suala la nani anakaa wapi. Mitaa mingi ya bondeni haikuwa kwenye ramani yoyote ya maana: ramani zilionyesha eneo jeupe ambapo kwa kweli kuna maelfu ya nyumba. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe. Walichora nyumba, vichochoro, mifereji, visima na madaraja ya mbao, wakisaidiwa na picha za droni, na kuziweka kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo.

Droni inaona bati. Haiwezi kuona kwamba mwaka juzi maji yalipita mlango wa nyuma wa nyumba fulani na kuiacha ya jirani kavu. Hilo analijua mama aliyepandisha magodoro juu ya kabati. Kwa hiyo mtafiti huuliza: maji yalifika wapi mwilini mwako? Kifundoni, gotini, kiunoni, shingoni? Yaliingia kwa upande gani, yalikaa saa ngapi? Majibu ya watu kumi wa mtaa mmoja yakilinganishwa na mwinuko wa ardhi, unapata picha ya mafuriko ambayo hakuna kipimo cha mtoni kingeweza kukupa, kwa sababu mara nyingi kipimo hicho hakikuwepo. Wapo wenzetu wanaoyaita majibu haya hadithi za mitaani. Nadhani wanakosea. Kumbukumbu ya mtu mmoja huyumba, lakini wengi wakionyesha kimo kilekile kwenye ukuta uleule, hiyo ni takwimu.

Utafiti wa namna hii umetufundisha pia kuacha kuwaita watu wakaidi. Baada ya mafuriko ya 2011, serikali iliwagawia viwanja baadhi ya waathirika huko Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi yao walirudi mjini. Ukiwauliza, jibu halina fumbo: kibarua kiko Kariakoo, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida, na chumba cha bondeni kina kodi ndogo. Zaidi ya hapo, wengi bondeni ni wapangaji. Fidia inapozungumzwa, mwenye nyumba ndiye anayeitwa kwanza, na mpangaji huhamia bonde jingine na magodoro yake. Mpango wowote wa kuhamisha watu usioanza na hesabu ya nauli na kodi utashindwa, hata ukiwa na fedha nyingi.

Kuna jambo lisilopendeza kutajwa, nalo ni vyoo. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha vyoo vya shimo ili maji yabebe uchafu. Si uchafu wa tabia tu. Gari la kunyonya halifiki kichochoroni, na likifika bei yake ni kubwa kwa mpangaji. Matokeo ni kwamba mafuriko ya siku mbili yanaweza kufuatiwa na wiki za kuhara na hofu ya kipindupindu. Daktari anayejua ni vichochoro gani gari halifiki anaweza kupeleka dawa za kutibu maji huko kwanza, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ramani ya vyoo ni kinga kama ilivyo chanjo.

Sasa taarifa. TMA hutoa maonyo kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na athari zinazoweza kutokea, kwa mfano “baadhi ya makazi kuzungukwa na maji”. Hiyo ni hatua kubwa kutoka enzi za kutaja mvua bila kusema itafanya nini. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, taarifa zilitolewa mfululizo na vyombo vya baharini vikasitisha safari kabla ya upepo kufika. Lakini onyo la mkoa mzima halimwambii mkazi wa Hananasif kama ahame leo usiku. Mvua ikinyesha sana Pugu, maji huchukua muda kufika bondeni, na huku chini anga linaweza kuwa shwari. Muda huo ndio uhai wa watu. Kinachohitajika ni vipimo vya mvua na kina cha mto huko juu, na mnyororo wa watu wanaojulikana: mwenyekiti wa mtaa wa juu, wa chini, balozi wa nyumba kumi, spika ya msikiti, mtu wa kumgongea mzee anayeishi peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kwa kazi hizi. Kamati isiyo na simu za watu wake ni orodha tu.

Kwamba jambo hili linawezekana, tazama Bangladesh. Kimbunga cha 1970 kiliua watu zaidi ya 300,000. Cha 1991 kiliua takriban 138,000. Kimbunga Sidr cha 2007, nacho kikali mno, kiliua takriban 3,400. Katikati ya miaka hiyo nchi ilijenga majengo ya kujihifadhi na jeshi la wajitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Uchunguzi baada ya 1991 ulionyesha pia kwamba wanawake walikufa kwa wingi zaidi ya wanaume: wengine waliona haya kuingia kwenye jengo lisilo na faragha, wengine hawakutaka kuondoka bila ruhusa au kuacha mifugo. Majengo yaliyofuata yakatengewa vyumba vya wanawake, na sehemu nyingine zikainuliwa kwa ajili ya ng'ombe. Hakuna mhandisi ambaye angelifikiria hilo bila kwenda kuuliza.

Tatizo letu hapa si uhaba wa watafiti. Mkazi wa Tandale anaweza kuhojiwa na timu kadhaa, akajaza madodoso, kisha asisikie tena habari zao. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza na imelala kwenye maktaba. Chuo kinachoomba kibali cha kukusanya data mtaani kingetakiwa kuahidi, kwa maandishi, tarehe ya kurudi na matokeo kwa Kiswahili, pamoja na ramani kubwa ya kubandikwa ofisi ya mtaa. Wenyeviti wa mitaa wana haki ya kudai hivyo kabla ya kugonga mhuri.

Na kama unaishi mahali panapoingia maji, kuna data unayoweza kuitunza wewe mwenyewe kuanzia masika yajayo. Maji yakishuka, kabla hujapiga deki, chora mstari wa rangi ukutani pale yalipofikia. Andika tarehe na saa yalipoanza kuingia, piga picha, umtumie mwenyekiti wa mtaa. Ukihama, uache mstari ulivyo, maana mpangaji atakayekuja ataulizia kodi, choo na umeme, na huenda hakuna atakayemwambia habari ya maji.