Eti rubani mzoefu anaijua alam ya uongo kwa kuisikia tu

Nafundisha marubani kwenye simuleta na kila kozi hakosi mtu wa kuniambia "mwalimu, ukizoea utaijua tu hii ni feki." Hapana jamani. Ya kweli na ya uongo zina sauti ileile, sikio lako halina kipimo hicho.

Kweli zinadanganya, sibishi. GPWS, yaani mitambo inayomwonya rubani kwamba anaikaribia ardhi, za miaka ya 1970 zilikuwa zinalia hovyo mpaka watu wakazizoea, na hapo ndo balaa lilipoanzia. Madrid 1983, Boeing 747 ya Avianca inashuka usiku, GPWS inapiga kelele ardhi hiyo, kapteni anaijibu sawa, sawa, ndege inaendelea kushuka. Watu 181 wakafa.

Huyo mzoefu kwenye simuleta namwona kabisa, alam inalia, mkono bado upo kwenye goti, macho yanatoka altimita yanaenda kwenye ramani yanarudi altimita, anatafuta sababu ya kutoiamini, na mlima wala haumsubiri. Ukiwa usiku au ndani ya wingu hakuna mjadala: toa otopailoti, nguvu zote, inua pua, mbawa sawa, hakikisha spidibreki (vibao vya mbawani vya kupunguza mwendo) zimefungwa, panda. Mchana kweupe unaiona ardhi yote, sawa, taratibu za kampuni nyingi zinakuruhusu uhakikishe kwa macho. Kubishana mtabishana mkishafika juu. Ikiwa ilikuwa ya uongo umepoteza mafuta kidogo na unarudi kutua upya. Halafu IANDIKE kwenye daftari la ufundi, kila safari, hata kama jana mwenzako ameandika, maana fundi hawezi kutengeneza kitu ambacho mmekaa nacho kimyakimya wiki nzima.

"Alam ikinyamaza hatari imeisha." Sio lazima. Air France 447, mwaka 2009, spidi iliyosomeka iliposhuka chini ya noti 60 kompyuta zikaona data haziaminiki zikanyamazisha onyo la kustoli (mbawa kushindwa kuibeba ndege), ndege bado imestoli vilevile, na pua ikishushwa kidogo onyo linarudi, yaani ukifanya la sawa ndo linakupigia kelele.

"TCAS (mtambo wa kuzuia ndege kugongana angani) ikipingana na muongoza ndege msikilize binadamu." Hapana! Überlingen 2002, rubani mmoja aliambiwa na TCAS apande, muongozaji akamwambia ashuke, akashuka, na rubani wa ndege nyingine alikuwa anashuka kwa amri ya TCAS yake, zikagongana. Watu 71 wakafa. Fuata TCAS, kisha mwambie muongozaji kwamba unaifuata.