Kipindi cha Michezo si cha Kufidia Somo Jingine

Kama mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi ya watoto, huulizwa mara kwa mara na wazazi iwapo kipindi cha michezo hakimpotezei mtoto muda wa masomo. Hakimpotezei, na ningependa kueleza kwa nini.

Nitaanza na mifupa, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtoto anaporuka kamba, kila anapotua mifupa ya miguu hupata mshtuko mdogo unaosukuma majimaji yaliyomo katika vijitundu vyembamba vya mfupa. Seli zilizomo humo huuhisi msukumo huo na kutoa ishara kwamba mahali hapo paimarishwe. Kazi hiyo hushika kasi katika miaka ya balehe, na sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ambao mtu atautegemea hadi uzeeni huwa imekwisha kujengwa anapokaribia umri wa miaka 20. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuishia kupendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, bali lilitaka pia mazoezi makali na ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Moyo na mapafu nayo hunufaika, jambo ambalo wengi wanalijua.

Kuhusu akili, tafiti zimeonyesha kwamba baada ya mazoezi ya kiasi, kwa mfano dakika 20 za kutembea haraka, mtoto humudu vizuri zaidi kupuuza yanayomvuruga na kuzingatia anachofundishwa. Nafuu hiyo haidumu siku nzima, na kwa sababu hiyo napendelea mazoezi yapangwe katikati ya vipindi badala ya kurundikwa Ijumaa jioni.

Upande wa hisia unahitaji uangalifu zaidi. Mazoezi hupunguza wasiwasi na dalili za sonona, lakini mtoto anayechaguliwa wa mwisho kila timu zinapogawanywa, au anayezungushwa uwanja kama adhabu, hujifunza kuuonea aibu mwili wake, na mara nyingi huacha michezo kabisa afikapo ujana. Mbio za adhabu naziona ni kosa kubwa. Mwalimu na agawe timu mwenyewe, na ampime kila mtoto kwa maendeleo yake, si kwa kumlinganisha na mwenzake.

Ninapokagua kipindi cha michezo, siangalii kwanza nani ana kipaji. Huchagua mtoto mmoja wa kawaida na kuhesabu dakika anazotumia akiwa katika mwendo. Darasa zima likipanga foleni kusubiri mpira mmoja, dakika hizo huwa chache mno, ilhali watoto walewale wakigawanywa wanne wanne, hata kwa mipira ya matambara, karibu wote hutokwa jasho.