Fyuzi Haiungui kwa Sababu ni Ndogo

"Fundi, niwekee kubwa kidogo, hii inaungua kila wiki." Jumamosi nimeambiwa tena, safari hii na mwenye Volkswagen Beetle, na nimechoka kulijibu hili mlangoni mwa gereji.

Fyuzi haikuwekwa kulinda taa wala honi. Inalinda waya. Kila waya una kiasi cha umeme unachoweza kubeba bila kupata moto, na fyuzi huchaguliwa ikatike kabla waya haujafika huko. Zile za kauri za Beetle, nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16. Ukitoa nyeupe ukaweka nyekundu, waya umebaki uleule; ulichobadilisha ni kitakachoungua kwanza. Na anayezungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ameondoa ulinzi wote, ilhali betri ya volti 12 ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea.

Ndivyo lilivyokuwa gari la Jumamosi. Fyuzi ya taa za nyuma imeviringishwa karatasi ya sigara. Nyuma ya dashibodi, ganda la waya mmoja limeyeyuka na kugandana na nyaya nyingine nne kama jojo iliyotafunwa. Chanzo nikakikuta nyuma kabisa: waya wa taa ya namba umechubuka kwenye bawaba ya mfuniko wa injini, shaba inagusa bodi kila mfuniko ukifungwa. Tepu nyeusi kidogo tu ingetosha siku fyuzi ya kwanza ilipoungua. Sasa tunavuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma.

Fyuzi ikiungua mara mbili, msinunue ya tatu. Ichomoe, unganisha taa ya testa mahali pake. Toa balbu zote za mstari huo, kisha washa swichi yake. Testa ikiwaka, shoti ipo. Tikisa nyaya taratibu, ukianza na penye bawaba na penye matundu ya bodi, mpaka testa izime. Hapo ndipo penye ugonjwa.

"Fyuzi ni nzima, nimeiangalia." Macho hayapimi umeme. Hizi za kauri hushika kutu kwenye ncha zikakata umeme bila kuungua. Izungushe kwa kidole. Taa ikirudi, safisha ncha na vishikio vyake kwa msasa laini.

"Choki imegoma, fyuzi yake ni ipi?" Choki ni kibati kinachobana hewa kwenye kabureta ili injini baridi iwake. Kwenye Beetle yenye choki ya umeme, haina fyuzi. Waya wake unatoka kwenye koili ya cheche za plagi, nguzo namba 15. Ukichomoka, choki haipati joto, kibati cha kabureta kinabaki kimefunga, na gari linatoa moshi mweusi na kunywa petroli. Angalieni waya huo kabla ya kugusa kabureta.

"Choki inakula mafuta, ikaze ibaki wazi moja kwa moja." Halafu Juni inafika, asubuhi ya Arusha, na betri inaishia kwenye stata. Injini baridi inahitaji mchanganyiko wenye mafuta mengi kuliko kawaida. Kinachokula mafuta ni choki isiyofunguka.

Wenye choki ya kuvuta kwa mkono, irudisheni injini ikishapata moto. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, kisha hushuka chini kuchanganyika na iliyobaki. Chomoa kijiti cha oili ukinuse: kikinuka petroli, badilisha oili kabla hujaliwasha gari tena.