Kununua nyumba chakavu, kuitengeneza na kuiuza: faida inaliwa wapi?

Siku hizi wengi wanaokuja ofisini kwetu kufanyiwa uthamini wana mpango huohuo, mtu kapata nyumba chakavu hapa Dar es Salaam, Tabata au Ukonga au Mbagala, mwenyewe ana shida ya haraka anauza bei ya kutupa, na yeye anataka ainunue, abadilishe bati, aweke tiles na rangi, aiuze ndani ya miezi mitatu apate milioni 30 zake. Video za Wamarekani wanaokarabati nyumba na kuziuza zimechangia sana, kule ndani ya dakika kumi jiko limeshavunjwa limejengwa upya na mnunuzi kashapewa funguo. Biashara ipo na watu wanakula, sijaja kumkatisha mtu tamaa, ila mthamini anaona hesabu za anayenunua na za anayeuza, na ninachokiona ni kwamba wengi hawaumizwi na bei ya kununulia, wanaumizwa na muda.

Chukua mfano huu. Nyumba unainunua milioni 80, unaikarabati kwa milioni 30, unaiuza milioni 140. Kijiweni hapo faida ni milioni 30 na mtu anaanza kuchagua gari. Haya tuhesabu vizuri. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, weka wakili, search (kukagua kumbukumbu za hati kwenye ofisi ya ardhi), uthamini na gharama za uhamisho, tuseme vyote kwa pamoja milioni 3. Dalali wa kuuza akichukua asilimia 5 ni milioni 7. Mlinzi, umeme, maji na usafi tuseme laki mbili kwa mwezi. Na kama milioni 60 kati ya hizo ulikopa benki kwa riba ya asilimia 17, mwaka mmoja ni zaidi ya milioni 10. Ukikaa na hiyo nyumba miezi kumi na mbili unabaki na kama milioni saba na nusu hivi, na hapo TRA, watu wa kodi, bado hujawaona. Ungeiuza ndani ya miezi minne ungebaki na zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nyumba ileile, fundi yuleyule.

Sasa muda unapotelea wapi? Kwanza kwenye makaratasi. Nyumba nyingi zinazouzwa bei rahisi mjini ni za urithi, mzee kafariki, watoto wako saba, mmoja ndo anakuonyesha nyumba na anakuhakikishia wenzake wote wameshakubali. Muulize barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kama hana basi hana cha kukuuzia, na hata kama anayo waone warithi wengine ana kwa ana, maana dada aliyeko Mwanza ambaye hakupewa chake ndo atakuja kuweka zuio kwa Msajili wa Hati wakati wewe umeshamwaga zege. Mwenye ndoa nae usinunue kwake bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kuwa nyumba ya familia haiuzwi na mmoja peke yake, na kesi za namna hii zimejaa mahakamani. Muuzaji akikwambia mke wangu hana shida, mwambie basi aje asaini.

Ukishaona hati kafanye search rasmi, usiridhike na kopi ya kwenye simu. Angalia imebaki miaka mingapi, angalia kama iko rehani benki, angalia deni la kodi ya pango la ardhi kwa sababu deni likiwepo uhamisho hauendi mpaka lilipwe, na kuna viwanja havijalipiwa miaka kumi. Kama nyumba haina hati ina leseni ya makazi au barua ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, inaweza kuwa ununuzi halali kabisa, ila jua mnunuzi wako hataweza kuitumia kirahisi kukopea benki, kwahiyo soko lako limeshapungua kabla hujaanza. Kodi ya majengo haina presha, inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, lakini mita yenyewe nayo inaweza kuwa na deni la mtu, nunua umeme wa elfu tano siku ya kukagua uone zinatoka yuniti ngapi.

Halafu kuna bei rahisi yenye sababu. Waliobomolewa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 na wale wa Kimara mpaka Kiluvya pembeni ya Morogoro Road 2017, baadhi walikuwa wamenunua kwa watu, tena wamelipa hela nzuri tu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe, na barabara kuu zina hifadhi yake ambayo kwenye kipande hicho cha Morogoro Road ni pana kuliko watu wanavyodhani. Nenda manispaa, ofisi ya mipango miji, uliza ramani ya eneo. Ukiwa hukohuko uliza na kibali, maana kuongeza chumba au kubadilisha paa bila kibali cha ujenzi ndo mwanzo wa kuandikiwa SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu ukutani, na kila wiki fundi anayokaa bila kazi ni wiki ya riba.

Kwenye jengo lenyewe niseme kidogo kwa sababu hapa ndo bajeti za watu zinapasuka. Dar ni mji wa pwani, nyumba nyingi za zamani zinaliwa na chumvi kutoka chini. Gusa ukuta usawa wa goti, kama rangi imevimba kwangua kwa funguo, ukitoka unga mweupe jua plasta yote ya chini itavunjwa, na ukipiga skimu juu yake bila kutibu unyevu itarudi kabla hujapata mnunuzi. Ukuta uliopakwa rangi mpya kuanzia sakafuni mpaka kiunoni tu, juu rangi ya zamani, huo usiupite bila kuuliza. Panda darini na tochi uangalie mbao, njia za mchwa zinaonekana kama mistari ya udongo. Fungua bomba zote kwa wakati mmoja, flashi choo, kisha nenda kaangalie karo la maji taka nje, maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu karo linajaa kila mwezi na gari la maji taka sio bure. Nyumba uliyoiona kiangazi tu bado hujaiona, waulize majirani masika maji yanafika wapi, wao hawana dalali wa kumpendelea.

Mafundi mnawajua. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, anachukua advansi ya site yako anaenda kumalizia ya mwenzako, tiles zinakaa kombo, unavunja unarudia. Andikishana nae kwa hatua, lipa hatua ikikamilika, vifaa nunua mwenyewe, na juu ya makadirio yake weka asilimia 20 ya dharura usiyomwambia. Na usitengeneze nyumba ya ndoto zako. Mtaa una bei yake, kama gari haifiki mlangoni hata uweke jiko la granaiti mnunuzi atakulinganisha na jirani tu, hela hiyo bora ingeenda kwenye kisima, fensi na choo cha ndani.

Kuuza ndo kuna mtihani mkubwa. Wale wa kwenye video wanauza haraka kwa sababu mnunuzi wao anakopeshwa na benki miaka 30. Kwetu mikopo ya nyumba ni ya wachache, riba zake kwa miaka mingi zimecheza kwenye asilimia 15 mpaka 19, kwahiyo mnunuzi wako wa milioni 140 ni mtu wa kudunduliza, atakwambia chukua 60 sa hivi nyingine nikivuna, nikiuza kiwanja, nikipata kiinua mgongo. Panga hesabu yako ukijua hilo. Na huko Marekani kwenyewe sio mteremko, Zillow, kampuni ya mtandao wa kutangaza nyumba yenye data za nyumba karibu nchi nzima, waliingia kununua na kuuza, 2021 wakafunga kitengo hicho baada ya kushusha kwenye vitabu vyao thamani ya nyumba walizokuwa nazo kwa zaidi ya dola milioni 300, bei ziligeuka wao wakiwa wamezishikilia.

Kodi sasa. Mkaazi akiuza nyumba analipa asilimia 10 ya faida, na faida inatoka kwenye bei ya kuuza ukitoa gharama zenye ushahidi. Saruji uliyonunua bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni kama hukununua. Ukikosa risiti za milioni 15 umejiongezea kodi ya milioni moja na nusu. Na ukifanya mara kwa mara hii ni biashara, hiyo asilimia 10 inahesabiwa kama malipo ya awali, mwisho wa mwaka unatakiwa upeleke hesabu zako.

Ikifika miezi sita haijauzika wengi wanapangisha ili ipunguze marejesho, ni sawa, ila mkataba uwe wa miezi mitatu mitatu na uandikwe kipengele kwamba nyumba iko sokoni, wateja wataruhusiwa kuja kuiona kwa taarifa, na ikiuzwa mpangaji atapewa notisi ya muda fulani na kurudishiwa kodi iliyobaki. Bila hicho kipengele mnunuzi akija akamkuta mtu kalipa mwaka mzima, anapanda bodaboda yake anaondoka.