Brutus msaliti, Antony rafiki wa kweli? Tunayobishana kuhusu Juliasi Kaizari

Kikundi chetu cha kusoma na kuigiza kinakutana Jumamosi huku Majengo, Moshi, vijana wa sekondari wapo, wa chuo wapo, na sisi watu wazima wachache, na sasa hivi tupo na Juliasi Kaizari, ile tanzia (mchezo unaoishia kwa maafa) ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere akiwa Rais, toleo la kwanza likatoka 1963 na lile alilolirekebisha likatoka 1969. Kwa ufupi, Juliasi Kaizari, yaani Caesar, ni mtawala wa Roma anayeuawa na kundi linaloongozwa na Cassius na Brutus, rafiki yake, alafu Antony, rafiki mwingine wa Caesar, anawageuza wananchi msibani dhidi ya wauaji mpaka inakuwa vita. Kila kijana mpya akija anakuja na uchambuzi wake tayari, ameusikia kwa mtu au ameunakili mahali, na kila mhusika kabandikwa neno moja: Caesar dikteta, Brutus msaliti, Cassius mwenye wivu, Antony rafiki wa kweli, imeisha hiyo. Mimi hii inaniuma kwa kweli, manake ukishambandika mtu neno moja unaacha kumsikiliza, na kwenye tamthilia hamna msimulizi wa kukuambia yupi mwema yupi mbaya, una maneno yao na matendo yao basi. Kwahiyo naandika hapa yale tunayobishana karibu kila wiki.

"Kitabu kina jina lake, kwahiyo mhusika mkuu ni Caesar"

Caesar anachomwa visu sehemu ya tatu, onyesho la kwanza, yaani katikati ya mchezo, na mistari yake ni michache sana ukiweka pembeni ya Brutus, Cassius na Antony. Anayebeba tanzia ni Brutus. Ila usimfute Caesar baada ya kufa, mzimu wake unamtokea Brutus hemani kabla ya vita vya Filipi, ambako yeye na Cassius wanapigana na jeshi la Antony, na Cassius anakufa akimtaja, Brutus naye anakufa akimtaja. Ukiulizwa dhamira ya madaraka usiishie pale alipokuwa hai.

"Brutus ni msaliti, alimwonea mwenzake wivu"

Hapa ndo pana kazi. Nenda sehemu ya pili, usiku, Brutus yuko bustanini peke yake, hamna wa kumdanganya, na anachosema ni kwamba yeye binafsi hana kisa chochote na Caesar, anakiri hata kwamba hajawahi kuona hisia za Caesar zikiishinda akili yake. Sasa anamuua kwa nini? Kwa hofu ya atakachokuja kuwa akivikwa taji, anamfananisha na yai la nyoka, bora auliwe akiwa bado ndani ya ganda. Soma taratibu hapo, mtu anahukumiwa kifo kwa kosa ambalo hajalifanya, na hakimu ni rafiki yake anayempenda. Huo sio wivu, ni kitu kigumu zaidi ya wivu, ni mtu mwadilifu anayejijengea hoja mwenyewe gizani mpaka hoja inamshinda. Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, kwenye kitabu chake cha ushairi alishasema tanzia nzuri sio ya mtu mwovu kuanguka wala ya malaika kuteswa, ni ya mtu wa katikati anayeangushwa na kosa kubwa alilolifanya, na Brutus anaingia hapo sawasawa.

Alafu kuna uadilifu wake wenyewe, ambao wengi wanausifu tu bila kuukagua. Onyesho la ugomvi hemani, sehemu ya nne, Brutus anamshukia Cassius kwa sababu ya rushwa, anamwambia ana kiganja kinachowasha, tulimuua Caesar kwa ajili ya haki alafu leo tuchafue vidole kwa hongo? Maneno mazito, vijana huwa wanapiga makofi. Ila endelea mistari michache, analalamika kwamba alimtumia Cassius ujumbe akiomba dhahabu ya kulipa majeshi akanyimwa, manake yeye hawezi kupata hela kwa njia chafu. Sasa hiyo dhahabu ya Cassius ilikuwa itoke wapi? Hajajiuliza. Mimi naona mistari hiyo ina uchambuzi wa Brutus kuliko kurasa nzima za sifa, kwasababu hasemi uongo, anaamini kila neno, na bado haoni.

"Cassius ndo shetani wa mchezo"

Kweli anaghushi barua kwa miandiko tofauti zitupwe dirishani kwa Brutus zionekane zimetoka kwa wananchi, hilo halina utetezi. Lakini fuatilia maamuzi ya pamoja. Cassius anasema Antony auawe na Caesar, Brutus anakataa. Cassius anasema Antony asiruhusiwe kuongea msibani, Brutus anaruhusu, tena anamwacha aongee wa mwisho. Cassius anasema tuwasubiri maadui hapahapa wachoke wenyewe, Brutus anasema twende Filipi. Mara zote tatu mwenye nia chafu ndo anaona sawa na mwenye nia safi ndo anakosea, na mara zote tatu Cassius anakubali kushindwa kwasababu anampenda Brutus na anamheshimu. Mtu wa wivu mtupu angekubali?

"Antony ni mfano wa rafiki wa kweli"

Uchungu wake sio wa kuigiza, hilo nalikubali kabisa, akibaki peke yake na maiti analia na kuapa vita. Na ile hotuba ni kubwa kuliko zote, Brutus kaongea kwa nathari, sentensi zimepangwa, kichwa kinaelewa, Antony anakuja na ushairi, anaonyesha joho lililotobolewa, anautaja wosia wa Caesar alafu anasema hapana siwezi kuusoma, mpaka watu wamlazimishe, na ndani kuna drakma 75 kwa kila raia na bustani za kando ya mto Tiber ziwe za umma.

Sasa wengi wanafunga kitabu hapo na machozi yao. Fungua sehemu ya nne onyesho la kwanza, ni fupi mno, unaweza kuliruka bila kujua. Antony na washirika wake wawili, Octavius na Lepidus, wamekaa mezani wanaandika majina ya watu wa kuuawa. Lepidus anamtoa ndugu yake, kwa sharti kwamba mtoto wa dada yake Antony naye afe, na Antony anasema sawa, anamwekea alama kwenye orodha. Alafu anamtuma Lepidus akalete wosia wa Caesar ili waangalie namna ya kupunguza kile kilichoahidiwa watu! Wosia uleule. Lepidus akishatoka tu Antony anamwambia mwenzake kwamba huyo ni wa kutumwa tu, kama punda anayebeba dhahabu ya wengine. Ukitaka kumwandikia Antony aya moja ya uchambuzi anzia kwenye meza hii ndo urudi msibani, utaiona hotuba kwa macho mengine.

"Wananchi ni wa kujaza jukwaa"

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya msibani, kijana anayecheza Brutus kamaliza hotuba vizuri, tumeshaelewa kamuua Caesar ili Roma isiwe na mfalme, na kundi linatakiwa lishangilie, mmoja wao anapaza sauti kwamba Brutus ndo awe Caesar sasa. Binti mmoja wa fom foo akasimama, akasema madam, si ndo hichohicho wamemuulia mwenzake? Sikuwa na la kuongeza. Kauli moja ya mtu asiye na jina, na inaonyesha kwamba watu hawajaichukua hoja, wamemchukua mtu.

Na baada ya Antony, watu haohao wanamkuta barabarani mshairi anaitwa Cinna. Miongoni mwa wauaji yupo Cinna mwingine. Mshairi anajitetea, mimi sio yule, mimi ni mwandishi wa mashairi, na jibu ni kwamba basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Vijana wetu hapa hawahitaji kufafanuliwa, kila mmoja ameshasikia sokoni mtu akiitiwa mwizi, na anajua jinsi mawe yanavyookotwa kabla hata hajajulikana nani kaibiwa nini. Wengine wakiigiza mchezo huu wanalikata onyesho hilo ili kupunguza muda, mimi siwezi kulikata, ndo mahali ambapo maneno yote mazuri ya hotuba mbili yanageuka kuwa damu ya mtu asiye na hatia.

"Yote yalishapangwa, ni kudra"

Dalili ni nyingi, mwaguzi anamwonya Caesar ajihadhari na tarehe 15 Machi, ndoto ya Calpurnia mke wa Caesar, sanamu ya mumewe inatoka damu. Ila kila dalili inapita kwenye akili ya mtu. Decius, mmoja wa wauaji, anaigeuza ndoto ikawa sifa, damu hiyo ndo itaihuisha Roma, na Caesar anaichukua tafsiri tamu. Artemidorus, mtu anayemtakia mema, anampa Caesar barua yenye majina ya wauaji, anamwambia isome kwanza inakuhusu mwenyewe, Caesar anajibu kinachonihusu mimi kitakuwa cha mwisho. Hakuna aliyemshika mkono. Cassius naye anajiua kwasababu kaletewa habari vitani kwamba rafiki yake Titinius amekamatwa, kumbe waliomzunguka Titinius ni watu wao wenyewe wanashangilia. Kusoma vibaya dalili, barua, watu, hiyo ni dhamira inayopita mchezo mzima, na wengi wanaipita wakikimbilia usaliti na tamaa.

"Ni historia kama ilivyotokea"

Msingi ni historia, Shakespeare aliitoa kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale wa maisha ya watu mashuhuri, tafsiri ya Thomas North ya 1579, na mchezo ulikuwa jukwaani London mwaka 1599. Lakini vita vya Filipi vya mwaka 42 kabla ya Kristo vilikuwa viwili vimepishana kama wiki tatu, yeye kaviweka siku moja. Na ile "Et tu, Brute" (hata wewe, Brutus?) anayosema Caesar akichomwa ni ya jukwaani, Plutarch anasema Caesar alipomwona Brutus alijifunika joho kichwani.

"Brutus hana hisia, na wanawake humo hawana kazi"

Portia, mke wa Brutus, anajijeruhi paja kumthibitishia mumewe kwamba anaweza kutunza siri, na kwa hadhi anauliza kama yeye ni mke au ni mtu wa pembezoni tu mwa maisha yake. Hilo swali halijibiwi vizuri mpaka mwisho. Baada ya ugomvi hemani Brutus anamwambia Cassius kwa sauti ya chini kwamba Portia amekufa, amemeza moto, na asiongee tena habari zake. Dakika chache baadaye Messala, mmoja wa makamanda wake, anaingia na kumpa habari hiyohiyo, na Brutus anajifanya hajui, anasema kwaheri Portia, lazima tufe, na Messala anamsifu kwa uvumilivu.

Kwa nini habari hiyo inaletwa mara mbili? Wasomi wamegawanyika, kuna wanaosema ni matoleo mawili yaliyobaki pamoja kimakosa kwenye kitabu cha 1623 kilichokusanya tamthilia za Shakespeare, miaka 7 baada ya Shakespeare kufa, na kuna wanaosema Brutus anawaigizia makamanda wake. Sisi tumejaribu kukata mara ya pili na tumejaribu kuacha zote, na mimi nasimama na kuacha zote, kwasababu ya Cassius. Yeye yupo mara zote mbili, anajua ukweli, na anachosema ni kwamba hayo mafundisho ya uvumilivu hata yeye anayo kama Brutus, ila maumbile yake yasingeweza kubeba hivyo. Kijana wetu anayemcheza Cassius bado hajaamua kama aiseme kwa kumsifu au kwa kumwogopa.